Tundu la Moshi

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili kanipa mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu kwa sababu ndiyo kazi yake. Kasema, "Mashaka yako yaandike humu, mimi masikio yamejaa." Akacheka peke yake. Lina kurasa mia mbili. Najiuliza kwa nini hakununua dogo.

Basi nianze. Mimi ni fundi wa injini ndogo za mipigo miwili, zile zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Wenzangu wanabadilisha plagi na kusafisha kabureta. Mimi natanua matundu. Ukutani mwa silinda kuna tundu la kuingizia petroli, kuna matundu ya kuipitishia juu ya pistoni, na kuna tundu la moshi. Pistoni ikishuka inayafungua, ikipanda inayaziba. Ukiupandisha ukingo wa juu wa tundu la moshi kwa tupa, hata kwa unene wa kucha, linafunguka mapema zaidi na injini inakimbia kama imepigiwa simu ya msiba. Ukizidisha, huko juu inapata mbio lakini huku chini haina nguvu ya kuvuta hata kiti. Kazi yote ni kujua pa kuachia tupa.

Kila silinda ninayomaliza naitolea ramani. Nakunja karatasi ndani yake, nasugua kwa penseli, na tundu linatokea kwenye karatasi jinsi sarafu inavyotokea watoto wanapochezea penseli. Ramani zangu zinakaa kwenye kopo la biskuti, kopo liko ndani ya kabati, na ufunguo wa kabati uko shingoni mwangu.

Mvua imeanza jana. Ikianza mvua yanaanza na mashindano, Jumapili tano, pikipiki ndogo zinapanda kilima cha tope nyuma ya tanuri la zamani la matofali. Dereva wangu ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, niliyemlea tangu ana miaka tisa. Watu wanamwita Sarakasi. Ni dereva hodari na fundi hatakuwa. Msimu wa mwaka juzi alikosea kuchanganya oili, injini ikanoki katikati ya kilima, ikafunga palepale, akarushwa. Mkono wa kushoto ulivunjika mahali pawili na mpaka leo haunyooki vizuri. Tangu siku ile simruhusu kushika tupa. Mtu akishindwa kupima oili, digrii atazipimaje?

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimekata gasketi. Basi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimepima silinda ya msimu huu kwa duara la digrii alilonichorea Mwalimu kwenye kipande cha plaiwudi. Katika kila mzunguko wa injini, tundu la moshi linakaa wazi digrii mia moja na sitini na nne. Kwa kilima kikavu ningepandisha zaidi, lakini tope linataka nguvu ya chini.

Mdogo wangu alisimama nyuma yangu muda wote akinipumulia sikioni.

"Dada, hapo ungepandisha kidogo tu."

"Kwa nini?"

"Nauliza."

"Hujauliza, umesema."

"Haya bwana, bosi wa digrii. Nimenyamaza."

Anaangalia sana mikono yangu siku hizi. Zamani alikuwa akiniona na tupa anakwenda kunywa chai.

Jumamosi, 8 Machi

Bwana Risiti kaja. Ndiye mwenye karakana ya geti jekundu, mshindani wangu wa miaka yote. Jina kalipata kwa kuandika risiti ya kila kitu, hata ukimwazima nati moja. Vidole vyake vina rangi ya zambarau kwa ile karatasi ya kaboni anayopachika kati ya kurasa. Anakuja kila Jumamosi, anakaa kwenye benchi la mlangoni kwangu, karibu na silinda kuukuu ninayozuilia mlango usibamizwe na upepo, anakunywa chai yangu.

"Nimekuja kusalimia tu, mama."

Miaka minne anakuja kusalimia tu. Mimi sijawahi kumsalimia kwake hata mara moja, na hilo halimsumbui. Ningekuwa yeye lingenisumbua. Nilizifunika meza zote kwa magunia hadi alipoondoka.

Jumapili, 9 Machi

Tumekuwa wa pili. Si hilo linaloniandikisha.

Nilikuwa chini ya turubai, tope limenifika kwenye vifundo vya miguu, pikipiki ya Bwana Risiti ikapita. Nikasikia mlio wangu.

Asiyejua atasema injini zote zinalia. Na watoto wote wanalia, lakini mama anamjua wake. Silinda zangu zina mahali, kati ya mlio wa chini na wa juu, ambapo sauti inajikunja kidogo halafu inafunguka ghafla. Hapo ndipo tundu la moshi na matundu ya kupitishia yanapoanza kuelewana. Mahali hapo nimepatafuta miaka sita na nimeharibu silinda kumi na moja. Leo napasikia kwa mtu ambaye mwaka jana alikuwa anatanua matundu kwa bisibisi!

Mdogo wangu kashuka kilima ametapakaa tope mpaka kwenye meno.

"Dada, umesikia ile ya Risiti? Inalia kama yetu."

"Sikusikia."

"Hukusikia? Wewe? Acha hizo."

Mtu mwerevu akitaka kufanya wizi atakuwa wa kwanza kuutangaza. Naliandika hili ili nisilisahau.

Jumatatu, 10 Machi

Wanaoweza kuzifikia ramani au silinda zangu ni watatu. Wa kwanza ni mkerezaji wa ng'ambo ya barabara, anayenikatia vitako vya silinda kwenye mashine yake. Silinda inakaa kwake siku nzima na mimi siwezi kukaa naye siku nzima. Wa pili ni Mwalimu, ambaye anaongea na kila mtu na hana analolificha, na mtu asiyeficha lolote huyo simwelewi kabisa. Wa tatu sitaki kumwandika.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepaka unga wa ngano kwenye mfuniko wa kopo, kidogo sana, kama vumbi. Mwalimu kauliza mbona natoka karakana nina unga puani. Nimesema mafua.

Jumamosi, 15 Machi

Bwana Risiti kaja kusalimia. Mkerezaji naye kaja, eti kuazima brashi. Wakapeana mikono kama watu ambao hawajaonana siku nyingi. Walizidisha.

Jumanne, 18 Machi

Unga una alama za vidole vinne.

Si vya mkerezaji, yeye kidole cha kati alishaiachia mashine. Si vya Mwalimu, vyake vinene. Nimekaa nikavitazama hadi chai ikapoa. Mwisho nikaufuta mfuniko kwa kitambaa, kana kwamba mimi ndiye niliyeiba.

Jumapili, 23 Machi

Mashindano ya pili. Risiti wa kwanza, sisi wa tatu. Mlio ni ule ule. Mvua ilinyesha hata spika ya mtangazaji ikazimika, na bado niliusikia.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Nimebadilisha kufuli la kabati. Mdogo wangu kaliona, akalishikashika.

"Kufuli jipya! Tumeibiwa nini?"

"Bado hatujaibiwa."

"Basi hongera."

Hakucheka sana. Zamani angecheka mpaka akae chini.

Ijumaa, 28 Machi

Nimefungua kopo leo kutafuta ramani ya silinda ninayoiandaa. Pembeni ya ramani huwa naandika vipimo. Upana wa tundu la moshi nilikuwa nimeandika milimita thelathini na nane. Mtu kaipiga mstari ile nane, kwa penseli nyepesi, akaandika juu yake tatu. Thelathini na tatu.

Nimechukua kipimio nikapima silinda yenyewe. Ni thelathini na tatu. Kalamu iliniteleza wakati wa kunakili. Ningekata silinda ya pili kwa kipimo kile, ingekuwa imekwenda na maji.

Mwizi kanisahihisha.

Tatu ile ina mkia uliojikunja kwa ndani. Nimeufundisha mimi mkia ule, mezani, kwenye daftari la darasa la tatu, kwa sababu alikuwa anaandika tatu zinazotazama upande usio wake. Nimeketi chini. Nimejaribu kuwaza kwamba ni wema. Halafu nimewaza kwamba mtu anayeiba ramani ili aipeleke mahali lazima kwanza ahakikishe haina kosa. Wazo la pili limekaa vizuri zaidi kichwani kuliko la kwanza. Sijui kwa nini, lakini limekaa.

Jumatatu, 31 Machi

Nimemwona mdogo wangu kasimama geti jekundu na Bwana Risiti. Mwavuli mmoja, watu wawili. Risiti kamshika bega. Nilikuwa naenda kununua msasa, nikarudi bila msasa.

Nilimuuliza jioni alikuwa wapi. Kasema, "Nilikuwa napita tu." Yeye napita tu, mwenzake nasalimia tu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Hatuongei isipokuwa kuhusu spana.

Jumapili, 6 Aprili

Mashindano ya tatu. Risiti wa kwanza tena. Leo nimefumba macho ili nisikilize vizuri, na kuna jambo sikulielewa. Ule si mlio wangu wa mwaka huu. Ni wangu, lakini wa zamani, mpana zaidi, una kelele fulani niliyokwisha kuiacha. Kwa hiyo anayenakili ananakili ramani za chini ya kopo, za miaka ya nyuma. Anachimba.

Kesho nitaongea.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeongea. Sikuwa nimepanga kuongea mbele ya watu, lakini mvua iliwaleta. Mkerezaji alikuwepo, wateja wawili walikuwepo, na mwenye duka la vipuri alikuwa kasimama mlangoni anakung'uta mwavuli. Mdogo wangu kaingia akiimba. Kuimba kwake ndiko kulikoniwasha.

Nikasema, "Nipe ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Ulionakili. Wa kabati."

Akalitazama kabati. Halafu akatoa mfukoni, akauweka mezani, bila hata kujitetea. Nilitamani ajitetee.

"Nauchukua wa shingoni mwako ukienda kuoga," akasema. "Ulipobadilisha kufuli nikachonga mwingine. Nilichonga kwa tupa, dada. Hukuona jinsi ulivyoingia vizuri?"

"Umemuuzia Risiti ramani zangu."

"Nini?"

"Mwizi wewe. Nimekulisha, nimekuvisha, umekuja kuniibia ndani ya nyumba yangu. Mwizi."

Mwenye duka la vipuri akaacha kukung'uta mwavuli.

Mdogo wangu alisema polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Kasema mwaka wa pili huu anazisoma ramani zangu, kwa sababu nikimwona karibu na tupa namfukuza. Kasema ana silinda mbovu tatu chini ya kitanda, anajifunzia usiku. Kasema Bwana Risiti kamwita kazini mara mbili, awe dereva na fundi, na mara zote mbili kamwambia hapana, dada yangu ananihitaji.

"Sasa nitamwambia ndiyo," akasema.

"Ulikwisha kumwambia zamani."

Akanitazama, akachukua koti lake. Kofia ya pikipiki kaiacha, kwa sababu niliinunua mimi.

Mwalimu kaniuliza kama nina uhakika. Nimesema nina alama za vidole. Akasema alama za vidole zinaonyesha nani kafungua kopo, hazionyeshi nani kampa Risiti nini. Anaongea kama hesabu za darasani. Nimemwambia aoshe vyombo.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Karakana ina nafasi kubwa.

Jumapili, 20 Aprili

Mashindano ya nne. Sikushiriki, sina dereva. Nimekwenda kutazama, nimejibanza nyuma ya gari la maji ya kunywa nisionekane.

Mdogo wangu kapanda pikipiki ya Bwana Risiti na kashinda. Kashinda vizuri. Kwenye kona ya juu aliinama mpaka goti likapiga chapa kwenye tope. Watu wakapiga kelele, "Sarakasi! Sarakasi!" na mimi midomo ilitaka kusema pia, nikaiziba kwa kiganja.

Ushahidi gani tena nautaka? Mlio wangu, ndugu yangu, geti lao.

Jumatatu, 28 Aprili

Wiki nzima sijaandika. Kazi kidogo, misumeno miwili ya kukatia miti na pampu moja ya kunyunyizia dawa. Bwana Risiti hajaja kusalimia Jumamosi mbili. Alichokifuata kakipata.

Alhamisi, 1 Mei

Nitaandika polepole ili nisikosee.

Leo upepo ulikuja na mvua inayopiga kwa upande. Mlango ulinibamizia kidole. Nilikuwa na hasira za mwezi mzima, nikaipiga teke ile silinda kuukuu ya kuzuilia mlango. Ikabiringika mpaka chini ya meza. Nikainama kuiokota, nikaiinua kwenye mwanga.

Ukingo wa tundu la moshi una rangi ya zambarau, kote kote, juu, chini na pembeni. Hata matundu ya kupitishia. Ni rangi ya karatasi ya kaboni. Mimi nasugua kwa penseli na mdogo wangu anasugua kwa penseli, kwa sababu nilivyofanya ndivyo alivyoona. Kaboni ni ya mtu mmoja tu.

Nimefunga karatasi kwenye kopo, kopo kwenye kabati, ufunguo shingoni, na silinda yenyewe nikaiweka mlangoni pamoja na benchi na chai! Miaka hii yote mtu kakaa pale anaingiza karatasi na vidole, mimi nafunika meza kwa magunia.

Nikacheka. Nakiri nilicheka, tena kwa sauti. Nilicheka kwa sababu Bwana Risiti, katika silinda zangu zote, kanakili ile moja ambayo haifai. Ndiyo maana mlio ni wa zamani. Nikasema ameyataka mwenyewe, aendelee, Jumapili ataona.

Halafu nikakumbuka nani atakuwa juu yake Jumapili.

Ijumaa, 2 Mei

Nimeurudia ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Nimeandika kwamba mdogo wangu alikosea kuchanganya oili. Mwandiko wangu pale ni mzuri, hauna hata doa. Ni uongo.

Silinda ile ndiyo iliyomwangusha. Msimu ule nilikuwa na uchu. Nilitaka moshi utoke kwa wingi zaidi bila kulipandisha tundu, kwa hiyo nikalitanua pembeni. Kila fundi wa kazi hii anajua kwamba upana ukipita theluthi mbili za kipenyo cha silinda, ringi ya pistoni, ile pete ya chuma inayoizunguka, inakosa pa kuegemea. Kila inapopita tundu inatokeza kidogo nje, na siku moja inanasa kwenye ukingo. Nilijua. Nikapita theluthi mbili, na pembe sikuzilainisha vya kutosha. Ilipanda mashindano manne ikishinda. Ya tano, ikanasa.

Jioni ile, yeye akiwa hospitali, niliifungua injini. Ringi ilikuwa imevunjika sawasawa na ukingo wa tundu. Oili ilikuwa imejaa tele kila mahali. Alikuwa amepima vizuri kabisa. Wakanijia watu wananiuliza nini kimetokea, nikasikia mdomo wangu unasema oili. Nilisema mara moja, halafu ikabidi niendelee kusema. Yeye mwenyewe aliniomba msamaha, akiwa na plasta mpaka begani. Nikamsamehe.

Silinda ya Risiti imepanda mara nne. Jumapili ni ya tano.

Mwalimu nimemwambia kila kitu. Hakusema nilichotarajia aseme. Kaniuliza tu, "Utakwenda saa ngapi?"

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda saa tatu asubuhi, kwa miguu, nimeikumbatia ile silinda ndani ya kanga kama mtoto mgonjwa.

Geti jekundu lina karakana kubwa kuliko yangu na safi kuliko yangu. Bwana Risiti alikuwepo na mafundi wake watatu. Mdogo wangu alikuwa amepiga goti kando ya pikipiki, anakaza mnyororo.

"Karibu, mama," akasema Risiti. "Leo na wewe umekuja kusalimia?"

"Kesho msiitumie injini hiyo."

Wakacheka. Mdogo wangu hakucheka, hakuinua hata kichwa.

"Kwa nini?"

"Tundu la moshi ni pana mno. Ringi itanasa."

"Imepanda mara nne, haijanasa."

"Itanasa."

"Mama," akasema Risiti, "kutia watu hofu siku moja kabla ya mashindano, hizo mbinu tunazijua tangu tukiwa na baiskeli."

Hapo mdogo wangu akainuka, akajifuta mikono, akanitazama. Alinitazama kama ninavyowatazama watu mimi, kwa jicho moja lililofinywa kidogo. Sikujua kama linaonekana hivyo kwa mtu aliye upande wa pili.

"Dada, mimi nakujua. Wewe hufanyi kitu bure. Umepata dereva mpya, eh? Unataka tufungue injini leo ili kesho isiwake."

"Njoo nje tuongee."

"Uliponiita mwizi tulikuwa nje? Watu walikuwa wangapi? Sema hapa."

Nikaitoa silinda kwenye kanga, nikaiweka mezani. Bwana Risiti alipouona ukingo ule wa zambarau, akaanza kutafuta kitu kwenye droo.

"Wamenakili hii," nikasema. "Na hii ndiyo iliyokuangusha. Nililitanua tundu kupita kiasi. Nilijua ni kupita kiasi. Ringi ilinasa, injini ikafunga. Oili haikuwa na kosa."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Nilipima sawa?" akauliza.

"Ulipima sawasawa."

"Ulijua lini?"

"Jioni ile ile."

Mkono wake wa kulia ulianza kusugua kiwiko cha kushoto, kwa vile kinamuuma penye mvua, ingawa nadhani hakujua unasugua.

"Misimu miwili," akasema. "Kila nikichanganya oili napima mara tatu. Nampa na mtu mwingine anipimie. Ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Na tupa ukaninyima kwa sababu hiyo."

"Kwa sababu hiyo."

Nilitaka kusema mengine. Nilitaka kusema kwamba kila nilipomshuku mtu tangu siku ile nilikuwa nalikimbia jambo hili, na kwamba tatu yake ile ina mkia mzuri. Lakini yeye akachukua spana, akapiga goti tena, akaanza kufungua kichwa cha injini. Mmoja wa mafundi akasema, "Unamwamini?" Akajibu bila kugeuka, "Hayo hawezi kuyatunga. Anajipenda mno."

Alifanya kazi vizuri. Sikumsaidia, mikono niliifunga nyuma. Alilegeza nati kwa kupishana, kona kwa kona, kama inavyotakiwa. Akainua silinda, akaipindua kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye ringi ya pistoni. Ukucha ukasimama. Palikuwa na pengo dogo linalong'aa, mahali ringi ilipokuwa inapita kwenye ukingo wa tundu la moshi. Ilikwisha kuanza kuliwa.

Akamwonyesha Bwana Risiti. Bwana Risiti akavaa miwani, akatazama, akavua miwani. Akaniambia, "Asante, mama," kwa sauti ndogo, na akaagiza chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Mdogo wangu alikuwa amekwisha kufuata silinda ya kawaida kwenye rafu, ambayo haijaguswa na tupa ya mtu. Nikasubiri. Akaendelea kusafisha kitako chake kwa kitambaa. Nikasubiri tena kidogo, kisha nikakunja kanga yangu nikaondoka.

Jumapili, 4 Mei

Mashindano ya tano, ya mwisho. Mvua ilikatika asubuhi kwa mara ya kwanza tangu Machi, jua likatoka, tope likaanza kunata.

Leo sikujificha. Nimesimama kwenye kamba pamoja na Mwalimu. Kwa silinda ile ya kawaida mdogo wangu kawa wa saba kati ya tisa. Kafika juu kakaa kwenye kiti, kashuka anaisukuma pikipiki kwa mikono yote miwili, mzima. Nililia kidogo, Mwalimu akajifanya anatazama mawingu.

Tulikuwa njiani kutoka, tukakutana naye uso kwa uso penye daraja la mbao. Alikuwa na wale mafundi watatu wa geti jekundu. Wakapita mbele, yeye akasimama.

Tangu aanze kusema, huyu hajawahi kuniamkia kama watu wanavyowaamkia dada zao wakubwa. Nilimfundisha, nikamchapa, nikachoka. Kila siku ana jina jipya la kunitania, ananipigia saluti, ananivuta sikio, ananiita bibi kizee wa digrii mbele ya wateja. Miaka ishirini nimemlalamikia Mwalimu kwamba kijana huyu hana adabu.

Leo kavua kofia, kainamisha kichwa, kasema, "Shikamoo, dada."

Nikaitikia, "Marahaba."

Akamwamkia na Mwalimu, kwa sauti ile ile ya kuwaamkia wateja. Kisha akavaa kofia, akawafuata wenzake.

Mwalimu kanishika mkono, amefurahi kwelikweli. "Umeona?" kasema. "Leo kakupa heshima yako."

Nimemwambia nimeona.